Sabufa Imeingia Nyumbani: Je, Jirani Atalala?

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

UKIINGIA mtaa wa Majengo mjini Sumbawanga jioni ya Jumapili, saa ambapo upepo wa Ufipa huanza kuwakumbusha watu makoti yao, jambo la kwanza utakalolitambua si moshi wa majiko wala kelele za watoto watokao kucheza mpira. Ni kishindo. Wimbo wenyewe huusikii, maneno ya mwimbaji huyapati, wala huwezi kusema kwa hakika kishindo hicho kinatoka nyumba ipi. Unachokipata ni mdundo mzito unaopanda kutoka ardhini, ukapita katika nyayo na kutulia kifuani.

Mdundo huo una jina ambalo leo kila mtoto wa mjini analijua: sabufa. Zamani fahari ya nyumba ya mfanyakazi ilikuwa redio juu ya kabati, yenye kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono. Televisheni ilipoanza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, fahari ikahamia huko. Siku hizi kijana apangaye chumba chake cha kwanza hununua godoro, jiko la gesi na sabufa, na wako wanaoanza na hiyo ya tatu.

Makala haya hayakuandikwa ili kuilaumu sabufa. Muziki mzuri na sinema nzuri ni haki ya mtu aliyefanya kazi wiki nzima. Lakini mwandishi wenu alishuhudia hapa Majengo jinsi chombo hicho kilivyokaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi, na jinsi saa mbili za maarifa zilivyouokoa.

WOTE WAWILI WALISEMA KWELI

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma na paa la bati, mfano wa nyumba nyingi za mtaa huu: ndefu, iliyogawanywa sehemu mbili, kila sehemu ikiwa na familia yake, na ukuta mmoja katikati. Upande wa kushoto anakaa karani mmoja pamoja na mkewe na watoto wanne. Upande wa kulia anakaa mama mmoja muuguzi ambaye, kila inapofika zamu yake ya usiku, hurudi nyumbani asubuhi na kulala mchana.

Karani alikuwa ameweka akiba kwa miezi mingi, kisha akanunua seti ya sabufa moja na spika ndogo tano. Aliipanga mwenyewe. Sanduku kubwa aliliweka pembeni, kwenye kona ya ukuta wa kati, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Spika ndogo nne zilipangwa juu ya kabati la vyombo kama askari wa gwaride, na ya tano ikawekwa juu ya televisheni.

Siku ya tatu jirani alibisha hodi.

"Baba, samahani," alisema yule muuguzi, macho mekundu. "Siku ya tatu leo sijapata usingizi. Vikombe vyangu kabatini vinalia."

"Mama, nakuheshimu sana," alijibu karani. "Lakini sauti nimeipunguza hata sisi wenyewe hatusikii maneno ya sinema. Nipunguze mpaka wapi?"

Hapo kila mmoja aliondoka akiamini kwamba mwenzake anatia chumvi. Shauri lilipofika kwa balozi wa mtaa, mzee huyo aliwasikiliza wote wawili, akaingia katika kila nyumba kwa zamu na kutega sikio. Aliporudi alisema kwamba wote wawili wamesema kweli. Sebuleni kwa karani maneno ya sinema yalikuwa hayasikiki, na chumbani kwa muuguzi vikombe vilikuwa vinalia. "Basi ugomvi si wa watu, ni wa chombo," alisema. "Aitwe fundi."

KAZI YA SANDUKU ZITO

Fundi aliyeitwa ni kijana mwenye kibanda cha kutengeneza redio na simu. Alipofika aliwaamkia wakubwa, akakubali kikombe cha chai, na kabla ya kugusa kitu chochote aliwaeleza wenyeji wake kazi ya sabufa. Tunayaeleza hapa kwa faida ya wasomaji.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mitetemo michache kwa sekunde hutoa sauti nzito, na mitetemo mingi hutoa sauti nyembamba. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Spika ndogo, yenye utando wa upana wa kiganja, haina uwezo wa kusukuma hewa nyingi kiasi cha kutoa sauti za chini kabisa. Kwa hiyo sauti hizo, takriban zile zilizo chini ya hezi 80 au 120, hupelekwa kwenye sanduku moja kubwa lenye utando mpana. Sanduku hilo ndilo sabufa.

Utaratibu huu ulitoka katika majumba ya sinema. Mwaka 1974 kampuni ya Universal ya Marekani ilionyesha filamu ya Earthquake, yaani tetemeko la ardhi, ikiwa na mtambo wa kutoa sauti nzito mno hata watazamaji wakahisi viti vikitikisika. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilionyeshwa kwa mfumo wa Dolby Digital, ambao una njia sita za sauti: kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na njia ya sita ya sauti nzito peke yake. Mfumo wa namna hiyo huandikwa 5.1. Ile "tano" ni spika zinazomzunguka msikilizaji. Ile "nukta moja" ni sabufa. Iliandikwa hivyo kwa sababu njia hiyo ya sita hubeba sehemu ndogo tu ya sauti zote, isiyozidi hezi 120.

Msomaji aitazame vizuri namba hiyo. Sabufa si mfalme wa seti bali ni msaidizi. Ikiwa imepangwa sawasawa hutajua kwamba ipo. Utadhani sauti nzito zinatoka katika spika ndogo zilizo mbele yako. Siku utakapoizima ndipo utakapojua kwamba muziki umepungukiwa. Mtu anayeweza kunyosha kidole na kusema, "Sabufa ile pale, naisikia," anakueleza bila kujua kwamba seti yake haijapangwa.

UKUTA NI CHEKECHE

Tulimwuliza fundi kilichotokea baina ya karani na muuguzi. Alijibu kwa kutuonyesha ukuta.

Ukuta, alisema, hufanya kazi ya chekeche. Sauti nyembamba, kama vile herufi "s" na "t" katika maneno, ukuta wa tofali huzizuia kwa urahisi. Sauti nzito hupenya. Kila mitetemo inapopungua kwa nusu, uwezo wa ukuta kuzuia sauti hushuka pia. Ndiyo sababu mtu aliye nje ya ukumbi wa dansi husikia ngoma na besi tu, hasikii mwimbaji.

Jambo la pili ni sikio lenyewe. Wataalamu Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Kadiri sauti inavyokuwa ndogo, ndivyo sikio linavyozidi kuzikosa sauti nzito. Basi mtu akipunguza sauti ya seti nzima, huona muziki umekuwa mwembamba na mkavu. Mkono wake huenda wenyewe kwenye kitufe cha besi na kukizungusha hadi mwisho. Hivyo ndivyo alivyofanya karani. Alipunguza kile ambacho jirani hakisikii, akaongeza kile ambacho ukuta haukizuii. Jirani hakupata wimbo, alipata kishindo.

Wako wanaobandika trei za mayai ukutani wakitumaini kuzuia kishindo. Fundi alicheka. Wimbi la sauti ya hezi 40 lina urefu wa karibu meta nane na nusu. Kitu chembamba kama trei, pazia au zulia hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, lakini mbele ya wimbi la meta nane ni sawa na kuweka wavu wa dagaa mbele ya kiboko.

MAHALI KWANZA, VITUFE BAADAYE

Fundi alianza kwa kuliondoa sanduku katika kona ya ukuta wa kati. Kona, alieleza, huikusanya besi kama pembe inavyokusanya pumzi ya mpigaji. Sabufa iliyo kwenye kona hutoa kishindo kikubwa kuliko iliyo mbali na kuta, hata kama kitufe hakijaguswa. Mtu asiye na jirani anaweza kuitumia faida hiyo, mradi apunguze kitufe. Mtu mwenye ukuta wa pamoja asiliweke sanduku lake kwenye ukuta huo.

Lakini liwekwe wapi? Kila chumba kina sauti zake kinazozipenda, nazo hutegemea urefu wa kuta. Katika hali ya hewa ya nyuzi 15, ambayo si ngeni Sumbawanga iliyo yapata meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, sauti husafiri meta 340 kwa sekunde. Chukua mwendo huo, ugawanye kwa urefu wa chumba mara mbili. Sebule ya meta nne kwa tatu itazipenda sauti za hezi 43 hivi na hezi 57 hivi. Sauti hizo hujaa sana karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana katika nyumba moja mtu aliyekaa kwenye kochi la ukutani hulalamika kwamba besi inamchosha, na aliyekaa katikati hulalamika kwamba hakuna besi. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa kuwa kuta zote nne hupenda sauti ileile.

Ipo njia nyepesi ya kupatafuta mahali pazuri, nayo haihitaji chombo chochote. Fundi aliliinua sanduku na kuliweka juu ya kochi, pale hasa ambapo baba wa nyumba hukaa. Akaweka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha, watoto wakiangua kicheko, akapiga magoti na kutambaa kandokando ya kuta, kichwa kikiwa usawa wa sakafu, akisimama na kusikiliza kila baada ya nusu meta. Mahali pengine besi ilinguruma kwa noti moja na kunyamaza kwa nyingine. Mahali pengine ilitoweka. Kisha akafika mahali, karibu na ukuta wa nje na hatua moja na nusu kutoka kona, ambapo noti zote zilisikika kwa nguvu moja. "Hapa," alisema. Sanduku likawekwa hapo. Kwa kuwa sauti hurudi kwa njia ileile iliyoendea, mahali ambapo fundi alisikia vizuri sanduku likiwa kitini, ndipo sanduku linapopaswa kuwa ili aliye kitini asikie vizuri.

Chini ya sanduku fundi aliweka kipande cha godoro la zamani na juu yake ubao. Hilo haliizuii sauti iliyo hewani, lakini huzuia sanduku lisiitikise sakafu, na sakafu isiutikise ukuta. Vilevile alihakikisha kwamba tundu la kupumulia la sanduku haligusi ukuta wala pazia.

SPIKA NDOGO ZIPEWE NAFASI ZAKE

Gwaride la juu ya kabati lilivunjwa. Spika ya kati iliachwa juu ya televisheni, ikielekezwa usoni mwa watazamaji, kwa kuwa katika sinema hiyo ndiyo hubeba maneno. Spika za mbele, kushoto na kulia, ziliwekwa kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zikiwa mbali na televisheni kiasi kwamba msikilizaji na spika hizo mbili wafanye pembetatu ya pande sawa. Spika mbili za nyuma ziliwekwa ubavuni mwa kochi na nyuma kidogo, juu ya usawa wa kichwa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Seti ikiungwa na televisheni au king'amuzi kwa waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, inapokea njia mbili za sauti, si sita. Spika za nyuma zitalia, lakini mara nyingi zitarudia tu yale yasemwayo mbele. Kupata sauti halisi ya kuzunguka kunahitaji amplifaya yenye uwezo huo, waya wa namna ya HDMI au ule wa mwanga, na filamu iliyorekodiwa hivyo. Asiye na vitu hivyo asihuzunike. Spika mbili za mbele zilizopangwa vizuri pamoja na sabufa iliyotulia hushinda spika tano zilizotapanywa.

Fundi alikagua waya pia. Mwekundu uende kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi. Spika moja ikigeuzwa, utando wake huvuta hewa wakati wenzake wanasukuma, na besi hujila yenyewe hewani. Kwa spika isiyo na amplifaya ndani yake, mafundi huitumia betri ya redio ya volti 1.5: waya zikichomolewa kwenye amplifaya na kugusishwa kwenye betri kwa nukta moja tu, chanya kwa chanya, utando wa spika ya besi hutoka nje. Ukiingia ndani, waya zimegeuzwa. Spika mojawapo ya karani ilikutwa imegeuzwa.

KUPIMA NA KUREKEBISHA

Baada ya hayo ndipo vitufe vilipoguswa. Utaratibu wake ni huu:

Kwanza, kitufe cha sabufa kirudishwe chini kabisa, na vitufe vya besi na sauti nyembamba viwekwe katikati. Cheza taarifa ya habari au mazungumzo, si muziki. Pandisha sauti ya jumla mpaka maneno yasikike bila mtu kukunja uso.

Pili, kama sabufa ina kitufe cha kugawanya sauti, kilichoandikwa namba za hezi, kianzie kwenye 80. Kama spika ndogo ni ndogo sana, kipandishwe hadi 100 au 120 ili pasibaki pengo baina ya sauti zake na za sabufa. Kikipanda zaidi ya hapo, sauti za wanaume zitaanza kutoka sakafuni, nalo ni kosa. Seti nyingi za bei nafuu hazina kitufe hiki. Kiwandani wamekwisha kuamua.

Tatu, cheza wimbo unaoufahamu vizuri, kisha pandisha sabufa polepole mpaka uisikie, halafu irudishe nyuma kidogo mpaka usiisikie peke yake. Hapo ndipo mahali pake. Irudie kazi hiyo kwa nyimbo tatu za namna mbalimbali, kwa kuwa wimbo mmoja huweza kukudanganya.

Nne, kama nyuma kuna swichi yenye alama za 0 na 180, mtu mmoja akae kitini na mwingine aibadili. Upande unaoleta besi nene zaidi kwa aliye kitini ndio wa kuuacha. Swichi hii hufanya sabufa na spika ndogo zisukume hewa kwa pamoja.

Tano, amplifaya kubwa huuliza umbali wa kila spika. Usikisie, chukua futi ya kupimia. Sauti hutumia karibu sehemu tatu za elfu za sekunde kupita meta moja, na amplifaya huichelewesha spika ya karibu ili zote zifike sikioni kwa wakati mmoja. Amplifaya hizo pia hutoa kelele ya majaribio inayofanana na mvua juu ya bati, ambayo kila spika huicheza kwa zamu ili zisawazishwe. Wengi hutumia simu kupima, nayo si vibaya kwa spika ndogo. Kwa sabufa usiiamini sana, kwa maana kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya maneno na huzipunguza sauti nzito. Atakayeifuata simu ataongeza besi isiyohitajika.

UMEME NA BEI

Kazi ilipokaribia kwisha, sanduku lilitoa mngurumo mwembamba usiokoma, hata pasipokuwa na wimbo. Huo ni mngurumo wa umeme wetu, ambao hubadili mwelekeo kwa hezi 50, nazo ziko katikati ya eneo la kazi la sabufa. Mara nyingi husababishwa na televisheni, king'amuzi na sabufa kuchomekwa katika soketi mbalimbali. Fundi alivichomeka vyote kwenye waya mmoja wa kuongezea, mngurumo ukanyamaza. Wapo wanaokata mguu wa ethi wa plagi ili kuuondoa. Tunasisitiza: usifanye hivyo. Mguu huo ni kinga ya uhai wako na wa watoto wako. Na umeme unapokatika, zima swichi ya sanduku. Kishindo cha umeme unaporudi kimeunguza spika nyingi.

Jambo moja zaidi kwa wanaojiandaa kununua. Usisome maboksi. Kwenye boksi utaona namba za wati elfu kumi au zaidi, zikifuatwa na herufi PMPO. Geuza chombo, usome kibao kidogo cha nyuma kinachoonyesha wati zinazotumika. Chombo kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa wati elfu kumi kwa muda wa wimbo mmoja, kama vile debe moja la mahindi lisivyoweza kujaza magunia mia. Linganisha vibao vya nyuma, na uombe kusikiliza kabla ya kulipa.

MASIKIO YETU NA YA WENGINE

Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa usikilizaji salama: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki, na kwa watoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Sauti ikiongezeka kwa desibeli tatu, nguvu inayolipiga sikio huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Sikio lililoharibika kwa kelele halioti upya.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilifuata mwaka 2015. Lakini watu waliogawana ukuta wakifikishana kwenye sheria, hata atakayeshinda atakuwa ameshindwa, kwa maana kesho yake ataomba chumvi kwa nani?

Balozi wa Majengo alilielewa hilo. Ndiyo sababu kipimo cha mwisho cha siku ile hakikufanyika sebuleni kwa karani. Fundi alimwomba muuguzi aende chumbani kwake, ajilaze kitandani, mlango ufungwe. Akaweka sinema, akapandisha sauti ya maneno hadi watoto walioketi sakafuni wakayasikia yote. Kisha akaanza kupandisha sabufa kidogo kidogo. Mkono wake ulifika mbali kidogo kuliko tulivyotazamia kabla ukuta haujagongwa mara mbili kutoka upande wa pili.

Fundi alirudisha kitufe nyuma mpaka kugonga kulipokoma. Akamwomba mama wa nyumba rangi ya kucha, akaweka nukta nyekundu mahali hapo. "Mzee," alimwambia karani, "wiki ambayo mama yuko zamu ya usiku, mchana msivuke nukta hii. Na saa nne za usiku ikifika, iwe hapo kwa kila mtu."

Karani aliketi kwenye kochi lake na kusikiliza kwa muda. Sauti ya jumla ilikuwa kubwa kuliko siku zote tangu alipoinunua seti ile, na maneno yote yalisikika. Muuguzi aliporudi aliulizwa kama amesikia kitu.

"Nimesikia mtu anazungumza kwa mbali," alisema. "Sikujua kama ni sinema au ni ninyi."

Kisha akaaga, kwa sababu saa ya zamu ilikuwa imekaribia. Mtoto mdogo wa karani alimsindikiza mpaka barabarani, akimbebea mfuko.